Kaseti mpya, mashine ya zamani: uliza kilichomo ndani kabla hujachomeka

Mwaka 2019 jamaa wa Morphcat Games kule Ujerumani walitoa gemu inaitwa Micro Mages, gemu ya NES, ile mashine ya Nintendo iliyoingia Marekani 1985, na gemu nzima, yaani ramani, muziki, mabosi, mpaka uwezo wa watu wanne kucheza kwa mpigo, vyote wamevibana ndani ya kilobaiti 40 tu. Picha moja uliyotumiwa WhatsApp leo asubuhi inaizidi uzito hiyo gemu. Mi nikiifikiria hiyo kazi nasisimka kabisa, maana hawa watu hawakutumwa na mtu, soko lenyewe dogo, mashine yenyewe haipo tena madukani, wameamua tu kwamba kile kikomo walichokuwa nacho mafundi wa miaka ile na wao watakiheshimu, halafu wakatoa kitu ambacho ukimwekea mtoto wa leo anakicheza mpaka anaitwa kula mara tatu.

Na hawako peke yao. Dunia hii ya gemu za hombru, yaani gemu mpya za mashine za zamani zinazotengenezwa na watu binafsi au vikundi vidogo, saivi imechangamka kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 2010 ilitoka Battle Kid kwa NES, mwaka huohuo WaterMelon wakatoa Pier Solar kwa Mega Drive, mashine ya Sega, gemu ya megabiti 64, yaani megabaiti 8, wakati gemu rasmi kubwa kabisa ya mashine hiyo, Super Street Fighter II, iliishia megabiti 40. Mwaka 2018 Matt Phillips wa Uingereza akatoa Tanglewood, kaiandika kwa asembli, lugha ya prosesa yenyewe ya Mega Drive, ile 68000, kwa kutumia vifaa vilevile vya zamani walivyokuwa wanatumia watengenezaji wa Sega, mwaka uliofuata Bitmap Bureau wakaleta Xeno Crisis. Upande wa Game Boy tangu 2019 kuna GB Studio, programu ya bure ambayo hata kama hujui kuandika kodi unatengeneza gemu yako na inacheza kwenye Game Boy halisi. Vitu vizuri, vitu vya kweli, na wengi wanakuuzia kaseti yenye boksi na kitabu chake kama zamani.

Sasa mi nataka kuongelea hiyo kaseti. Faili la gemu halina shida yoyote, hilo unacheza kwenye emuleta, programu ya kompyuta inayoiga mashine, likigoma linagoma, hakuna kinachoungua. Kaseti ni kitu kingine. Kaseti ukiichomeka inakuwa sehemu ya mashine, pini zake zinaingia moja kwa moja kwenye njia za prosesa, na kwa NES prosesa yenyewe ni Ricoh 2A03 ambayo hakuna kiwanda kinachoitengeneza leo. Nintendo walifunga uzalishaji wa Famicom, ambayo ndo NES ya Japani, mwaka 2003. Ikifa hiyo chipu unachoweza kufanya ni kutafuta mashine nyingine na kuichinja.

Tatizo lenyewe ni volti. Famicom, NES, Super Nintendo, Mega Drive, Game Boy ya kwanza, zote hizi zinafanya kazi kwa volti 5. Enzi zile kila kitu kilikuwa volti 5, chipu ya memori volti 5, prosesa volti 5, hakuna wa kumuuliza mwenzake. Baadaye chipu zikawa zinapunguzwa ukubwa na umeme wake ukapunguzwa pia, kwa hiyo leo ukienda kununua chipu ya flashi ya kuwekea gemu, zile kubwa, za bei poa na zinazopatikana kirahisi karibu zote ni za volti 3.3. Hapo ndo mtengenezaji anajikuta njia panda. Njia ya kwanza, anaweka kwenye bodi chipu za kutafsiri volti, zinakaa katikati ya mashine na flashi, 5 ikija inashushwa inakuwa 3.3. Njia ya pili, anaunganisha flashi moja kwa moja na pini za kaseti, anaweka reguleta ya kushusha umeme wa kulisha flashi tu, basi, kaseti inawaka, gemu inacheza, anaipiga picha na kuanza kuuza.

Na inacheza kweli, hapo ndo wengi wanapodanganyika. Flashi ikijibu kwa volti 3.3, mashine inaielewa vizuri tu, kwa sababu kwa mantiki ya TTL, yaani kanuni za umeme za chipu za enzi zile, chochote kinachofika volti 2 kinahesabiwa ni moja. Kwa hiyo upande wa kaseti kwenda mashine hakuna malalamiko. Shida iko upande wa pili, mashine inapotuma volti 5 kwenye mguu wa chipu ambayo karatasi yake ya kiwandani inasema usinipe zaidi ya umeme wangu wa kunilisha ukijumlisha nusu volti, yaani kama 3.8 hivi. Ndani ya hiyo chipu kuna dayodi ndogo za ulinzi ambazo ziliwekwa kwa ajili ya shoti za ghafla, kama ule umeme wa mkono wako ukigusa chuma, sasa zile dayodi zinafunguka na umeme unapita pale kila mara waya huo unapopanda, mamilioni ya mara kwa sekunde, kwa masaa yote unayocheza. Anayesukuma umeme huo ni nani? Ni ile 2A03 ya zamani, ni ile prosesa ya 68000 ya Mega Drive, chipu zilizobuniwa kunong'onezana na memori tu, zenye misuli midogo sana ya kusukuma umeme.

Kuna wengine hata reguleta hawaweki. Wanachukua volti 5 wanazipitisha kwenye dayodi mbili zilizofuatana, kila dayodi inakula kama 0.7, inabaki 3.6, flashi inalishwa hiyo. Senti chache zimeokolewa. Na 3.6 yenyewe inapanda na kushuka kulingana na mzigo na joto, hakuna kinachoishikilia. Mi nikiona bodi ya namna hiyo imewekwa ndani ya boksi zuri lenye mchoro wa msanii aliyekesha kuuchora, roho inaniuma kabisa, kwa sababu aliyeandika gemu mara nyingi hajui hata bodi yake imetengenezwaje, yeye kaagiza tu kwa mtu wa bodi.

Sasa tuseme ukweli wote. Kuna watu, na ni watu wanaojua kazi, wanakwambia hizi hofu zimekuzwa, wana kaseti za 3.3 bila kutafsiri volti na wamecheza miaka na miaka, mashine nzima. Siwapingi kwamba mashine zao ni nzima. Mashine ya miaka 35 au 40 inakufa kwa mambo mengi, kapasita zimekauka, reguleta imechoka, soketi imeota kutu, kwa hiyo siku ikizima hakuna anayeweza kuifungua akakuonyesha kwa kidole kwamba hii imeuliwa na kaseti fulani. Ushahidi wa aina hiyo haupatikani kirahisi na mi sitaki kumtisha mtu kwamba akichomeka leo kesho kuna moto. Ila kwangu hoja haiko hapo. Kiwanda kilichotengeneza flashi kimeandika kikomo, mtengenezaji wa kaseti kakivuka kikomo kwa makusudi, na mashine inayobeba hatari hiyo ni ya mnunuzi. Kama mtu anasema ni salama basi mzigo wa kuonyesha ni wake, siyo wangu mimi mwenye mashine moja.

Na gemu nyingi hazina hata sababu ya kufika huko! Hili ndo linalonisumbua zaidi. Kuna chipu inaitwa SST39SF040, kilobaiti 512, ya volti 5 halisi, Microchip bado wanaitengeneza. Bodi za aina ya UNROM 512, ambazo gemu nyingi zilizotengenezwa kwa NESmaker, programu ya kutengenezea gemu za NES, zinakaa humo, zimejengwa juu ya chipu hiyohiyo, hadi kuseivu zinaseivu kwenye flashi yenyewe bila betri. Micro Mages na kilobaiti zake 40 ingeingia humo na nafasi ikabaki tele. Gemu ya Game Boy ya kawaida vilevile. Wenye haki ya kulalamika ni wa Mega Drive na Super Nintendo, huko gemu ni megabaiti 2, 4, wengine hadi 8 kama Pier Solar, chipu za volti 5 za ukubwa huo zimebaki za zamani, unaokoteza zilizochomolewa kwenye bodi nyingine, hujui zimepita wapi. Hapo chipu za kutafsiri volti hazikwepeki, na siyo kwamba ni ghali kivile, ni mbili tatu kwenye bodi, kinachoongezeka hasa ni kazi ya kuchora bodi upya na nafasi ya kuzipachika.

Watu wa zamani walikuwa wanajali hizi adabu za umeme hadi ndani ya programu. Chukua kaseti za UNROM za Nintendo wenyewe. Gemu ikitaka kubadilisha ukurasa wa memori, prosesa inaandika namba kwenye anwani ya ROM, ile chipu iliyobeba gemu, lakini ROM nayo kwa wakati huohuo inaongea kwenye njia ileile, wawili wanasema kwa pamoja, mmoja akisema 1 na mwingine 0 wanavutana kwenye waya mmoja. Walichofanya ni kuweka ndani ya ROM orodha ya namba zote, ukitaka kuandika 3 unaiandika pale ambapo ROM tayari ina 3, basi wote wawili wanasema kitu kimoja na hakuna mvutano. Baiti chache tu. Ni uangalifu wa namna hiyo ninaoutamani niuone kwenye kaseti mpya.

Usidhani pia kwamba kaseti ikiwa na leseni rasmi ndo umemaliza. Mwaka 2017 kampuni ya iam8bit kwa leseni ya Capcom walitoa upya Street Fighter II ya Super Nintendo, kaseti 5,500, dola 100 moja, na kwenye ukurasa wa kuuzia kukawa na onyo kwamba kuitumia kwenye mashine kunaweza kuifanya ipate joto kupita kiasi au kushika moto. Wapo waliosema ni maneno ya wanasheria tu ya kujikinga, inawezekana kabisa, lakini mi naona kama bodi yako unaiamini unaandika bodi ikoje, huandiki onyo la moto.

Sisi huku wengi hatukukulia NES wala Mega Drive halisi, tulikulia zile TV game za kuiga Famicom, kaseti za pini 60, za njano, nyekundu, zimeandikwa gemu elfu kenda na ukifungua menyu gemu ni zilezile zinajirudia. Ukiifungua kaseti ile ndani unakuta kibodi chembamba chenye doa jeusi la gundi ngumu, chipu iko chini ya lile doa. Zilikuwa za wizi, ubora mbovu, lakini kwa volti hazikuwa na tatizo hili, ROM zake zilikuwa za volti 5 kwa sababu enzi zile ndo kilichokuwepo. Kaseti ya buku mbili ya sokoni ilikuwa inaongea lugha moja na mashine, halafu leo ya dola 60 haiongei. Na kama bado una TV game yako, ujue kaseti nyingi za hombru za NES ni za pini 72, zinahitaji adapta, na adapta nazo nyingi zimeundwa hovyo kwa hiyo iangalie nayo.

Juzi rafiki yangu kaniletea kaseti mpya ya Mega Drive aliyoagiziwa na ndugu yake Uingereza, sitaji gemu wala muuzaji, nikamwambia tusiichomeke kwanza, tuifungue. Skrubu nyingi za kaseti za zamani zinataka bisibisi maalum ya milimita 3.8, hii ilikuwa na skrubu za kawaida za nyota. Ndani bodi ya kijani, chipu moja kubwa ya miguu 48 imeandikwa 29LV, pembeni kidude chenye miguu mitatu kimeandikwa AMS1117 3.3, ndo reguleta, kapasita mbili, basi. Hizo herufi ndo za kwanza kuziangalia. 29F kwa kawaida ni ya volti 5. 29LV ni ya volti ndogo. Ukiona LV basi macho yatafute chipu nyingine zenye namba kama 74LVC245 au 74ALVC164245, hizo ndo za kutafsiri, ziwepo kati ya pini za dhahabu na flashi. Kama huzioni chukua mita, weka kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ya kaseti ya laini ya data na nyingine kwenye mguu wa flashi wa laini hiyohiyo. Ikilia, maana yake waya umekwenda moja kwa moja, hakuna kilichosimama katikati. Ya rafiki yangu ililia laini zote tulizogusa. Tukairudishia skrubu zake na ikabaki boksini, gemu tukaicheza kwa faili alilopewa na muuzaji kwenye kompyuta, na ni gemu nzuri sana, nasema kwa moyo mmoja, aliyeitengeneza ana kipaji.

Kabla ya kuchomeka kaseti yoyote mpya pima pia kati ya pini ya volti 5 na pini ya grandi, mita isikuonyeshe shoti. Angalia kama kila chipu ina kapasita yake ndogo pembeni, ile ya kutuliza umeme. Na kama kaseti inaseivu kwa betri ya CR2032, lazima kuwe na dayodi ya kuzuia umeme wa mashine usiirudie betri, maana betri ile siyo ya kuchaji na ikilazimishwa inavimba na kuvuja.

Alafu kuna mambo ya ukingo wa bodi ambayo watu wanayapuuza kabisa. Bodi za NES na Super Nintendo zina unene wa milimita 1.2. Viwanda vya bodi usipowaambia kitu wanakupa 1.6, hicho ndo kipimo chao cha kawaida. Ukisukuma 1.6 ndani ya soketi ya 1.2 unatanua zile pini, na siku ukirudisha kaseti yako ya zamani ya milimita 1.2 haigusi vizuri, skrini inapepesa, unaanza kulaumu kaseti ya zamani. Ukingo nao unatakiwa uchongwe mteremko, siyo umekatwa wima unakwangua soketi kila ukiingiza, na migusano iwe ya dhahabu, siyo imepakwa lehemu. Hili huhitaji mita, unapitisha kidole tu ukingoni.

Kwenye Game Boy Advance kuna kitu kizuri nakipenda sana. Ndani ya tundu la kaseti kuna swichi ndogo, na umbo la ganda la kaseti ndo linaiambia mashine itoe volti ngapi. Kaseti ya Game Boy ya zamani inaibonyeza, mashine inatoa 5. Kaseti ya Advance imekatwa pale pembeni haiibonyezi, mashine inatoa 3.3. Hakuna programu, ni plastiki tu inaamua. Kwa hiyo ganda la plastiki lililotengenezwa bila kufuata vipimo linaweza kupeleka volti 5 kwenye bodi ya 3.3, na mnunuzi akishika mkononi haoni tofauti yoyote. Ndo maana hata anayechapa maganda kwa printa ya 3D anatakiwa ajue anachokifanya.

Na kwa wanaoletewa mashine kutoka nje, adapta. Ile ya NES ya Marekani inataka umeme wa 120, ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa 230 inaungua hapohapo. Halafu adapta ya NES inatoa volti 9 za AC, Famicom inataka DC ya volti 10 na katikati hasi. NES ina daraja la dayodi ndani linanyoosha umeme, Famicom haina, kwa hiyo ukiipa AC umeiua. Matundu yanafanana, plagi inaingia vizuri tu, kwa hiyo soma karatasi ya adapta kila mara hata kama unaharaka.

Watengenezaji wanaofanya vizuri wapo, na wanastahili hela zetu. EverDrive za Krikzz wa Ukraine, kaseti unazopakia mafaili ya gemu mwenyewe, zimejijengea jina, kila kizazi kipya unaona bodi imefikiriwa. Upande wa chipu ya ulinzi ya NES, ile CIC inayozuia kaseti zisizo na leseni, kaseti za zamani zisizo na leseni kama za Color Dreams zilikuwa zinaipiga kwa volti hasi ili izimie, leo watu wameinakili ile chipu ndani ya kidude kidogo cha ATtiny13 na inazungumza na mashine kistaarabu bila kuipiga chochote. Hayo ni maendeleo makubwa sana na yamefanywa na watu wa hobi.

Wasiwasi wangu saivi ni vipuri. Bodi nyingi nzuri zilitegemea chipu za mantiki kama XC9572XL, inayolishwa 3.3 lakini miguu yake inavumilia 5 bila shida, familia hiyo imetangazwa kufika mwisho wa uzalishaji, na zilizobaki zikiisha majaribu ya kuunganisha moja kwa moja yatakuwa makubwa kuliko sasa. Kwa hiyo kipindi hiki ndo cha kuuliza. Ukitaka kununua kaseti mwandikie muuzaji swali fupi: flashi ni ya volti ngapi, kama ni 3.3 umeweka nini katikati, bodi ina unene gani, naomba picha. Anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa, tena atakutumia picha pande zote mbili. Rafiki yangu alimwandikia yule muuzaji wake, kwa upole, na jibu lilikuja kwamba toleo lijalo la bodi linachorwa upya na wanunuzi wa toleo la kwanza watabadilishiwa kwa kulipia posta tu. Ikifika hiyo mpya tutaifungua tena, nitaweka picha hapa pamoja na namba za chipu zote, na wewe kama una kaseti yoyote mpya unayoweza kuifungua weka yako kwenye komenti, jina la gemu, mwaka, na kilichoandikwa kwenye flashi.